Meza ya Jikoni kwa Otilia

Kitabu cha binti yangu Otilia kilikaa juu ya meza ya jikoni miaka kumi na saba. Kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati. Ndani yake alibandika mimea ya vilima vyetu vya kando ya mto Danubi, aliyoichuma na kuikausha mwenyewe, kila mmoja na maneno yake pembeni: unaota wapi, unachanua lini, unatibu nini. Mumewe Veit, mwuza dawa, alikuwa akimtania, "Mke wangu, leo tunakula supu au nyasi?" Lakini mgonjwa akija na jambo gumu, huyo huyo Veit alikimbilia jikoni kufunua kurasa.

Theluji ilipoyeyuka, daktari mmoja wa chuo kikuu akaandika barua: atakichapa kitabu, na jina la Otilia litakuwa mbele. Otilia aliisoma huku ananyonyoa bata. Akalia, manyoya yamemganda mikononi.

Mwezi uliofuata Veit akafa kwa homa.

Kwetu mwuza dawa akifa, wakuu wa chama chao huja siku ya mazishi kuufunga mlango wa chumba cha dawa kwa nta na muhuri. Kilichomo ndani ni cha fundi wa dawa atakayerithi duka. Kilichoko jikoni ni cha mjane. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Naijua, na bado asubuhi ile, nikitafuta pa kuweka mikate na bia ya wafiwa, nilikibeba kitabu kwa mikono yangu hii nikakiweka chumba cha dawa, kisije kikamwagikiwa. Nilitaka meza iwe safi.

Tuliporudi kutoka makaburini, nta mlangoni ilikuwa bado laini.

"Mama, kitabu kiko wapi?"

Niliutazama ule mlango, naye akautazama.

Tukaenda kwa wakuu.

"Mama Apolonia, umeapa," mkubwa wao akaniambia. "Tulipopiga muhuri, kitabu kilikuwa wapi?"

"Chumba cha dawa, bwana. Lakini nilikihamisha mimi! Siku zote kinakaa jikoni."

"Jikoni? Kwani binti yako alikuwa anakipika?" mwingine akadakia. Wakacheka mpaka matumbo yakatikisika.

"Mabwana, kila neno mle ni mwandiko wangu," Otilia akasema.

"Uliandika ndani ya nyumba ya fundi, dada, kwa kazi ya fundi. Pole na msiba."

Baada ya miaka miwili Sebald, fundi mpya, akatuletea kitabu kilichochapwa, jina lake mwenyewe mbele. Si mtu mbaya. "Nimeona na nyinyi mpate kimoja, mama," akasema, akala keki yetu, akaenda zake.

Otilia akafunua taratibu. Katikati akasita, akanisomea: "Huu unaota nyuma ya banda la kuku la mama yangu."

Mama yake Sebald hajafuga kuku maisha yake yote. Banda lile ni langu.

Otilia akakifunga kitabu, akakipandisha juu ya kabati, akachukua kitambaa akaanza kufuta makombo.

"Meza iwe safi, Mama," akasema, kwa upole kabisa.

Angenitukana ningepumua.