Majaruba Tisa ya Doto

Doto alikuwa mwepesi wa kuona ameonewa. Hata kuzaliwa, pacha wake Kulwa alimtangulia kwa dakika kumi, na sasa wana miaka arobaini bado alikuwa anazidai dakika zake.

Mama yao, Mama Kulwa, ambaye wao walimwita mayu, alikuwa na mashamba mawili ya mpunga pale Ushetu, yaliyolingana urefu na upana, mfereji katikati. La juu lilikuwa na majaruba, yaani vipande vilivyozungushiwa kingo za udongo, manne makubwa yanayolingana. La chini, marehemu baba yao alilikata majaruba madogo kumi na mawili yaliyo sawasawa, matatu matatu kwa mstari. Kulwa akapewa matatu ya juu, Doto tisa ya chini. Yaliyobaki mama alisema atalima mwenyewe, mikono bado anayo.

Doto alirudi nyumbani anachemka. Kwa Kulwa mama amejibakizia jaruba moja, kwake amejibakizia matatu! Kulwa naye alinuna kwake: yeye kapata matatu, mdogo wake tisa. Siku nne hawakusalimiana, wala kwa mama hawakufika, huku miche ikizeeka kitaluni. Kupandikiza walizoea kusaidiana; kila mtu peke yake, msimu ungewapita.

Mama akatuma ujumbe kwamba wabadilishane. Wakabadilishana.

Kesho yake asubuhi Doto alikuwa shamba la juu, anahesabu majaruba yake matatu kwa uchungu, alipomsikia Kulwa ng'ambo ya mfereji akilalamika kwamba kwake mama amejibakizia matatu. Yalikuwa maneno yake mwenyewe ya juzi, neno kwa neno. Doto aliona aibu, kisha kicheko kikambana.

Alivuka mfereji na jembe lake akaanza kubomoa kingo ndogo, kila majaruba matatu ya mstari mmoja yakawa moja. Kulwa aliuliza kama amerukwa na akili. Doto aliendelea kubomoa mpaka yale kumi na mawili yakawa manne.

"Haya, hesabu," alisema.

Kulwa akahesabu: yake matatu, la mama moja. Akatazama shamba la juu: matatu, na moja.

"Tisa katika kumi na mbili ni sawa na tatu katika nne," Doto alisema. "Kila mtu kapata robo tatu. Tumenuniana bure."

Walicheka mpaka Kulwa akakaa kwenye tope. Halafu Kulwa akaanza kuhesabu tena kwa vidole.

"Ngoja kwanza. Mayu ana robo hapa na robo kule. Robo mbili."

Ilikuwa nusu shamba. Katika watu watatu, aliyepunjwa alikuwa mmoja, na siku zote nne hawakumsikia akilalamika hata mara moja. Doto aligeuka. Mama yao alikuwa kwenye jaruba lake la juu, kanga kiunoni, ameinama anapanda peke yake. Moyo ulimuuma Doto kweli.

Walibeba mafungu ya miche wakamfuata. "Shikamoo, mayu," walisema pamoja.

"Marahaba," alijibu bila kuinuka, akauliza leo ni zamu ya nani kuonewa.

Kulwa alifika ukingoni mwa jaruba la mama, akasimama, akampisha pacha wake.

"Tangulia," alisema. "Dakika zako kumi hizo."