Mpaka wa Matofali ya Kijani

Evodia alikuwa amejiapiza kwamba siku hiyo haitapita hivi hivi. Angemwambia baba yake kabla hawajarudi Muleba, liwalo na liwe. Ndiyo maana alimchukua mzee Rutaihwa hadi Bukoba mjini, kwenye maonyesho ya matofali ya plastiki ya kuchezea, kitu ambacho mzee hakukiomba wala hakukielewa. Kisingizio kilikuwa Alistidia, binti yake wa miaka saba, aliyeona tangazo akang'ang'ania kwenda na babu yake.

Cha kumwambia kilikuwa kifupi. Mwezi wa pili daktari aliwaita Evodia na kaka yake Onesphory pembeni, akawaeleza kuwa saratani ilikuwa imeshalila ini la mzee, na kwamba akivuka miezi mitano itakuwa bahati. Walirudi wodini nyuso zimewakauka, wakamwambia mzee ana vidonda vya tumbo. Walidhani wanamhurumia. Wakaapishana kunyamaza, wakajiona watoto wema, na sasa mwezi wa sita ulikuwa unayoyoma.

Lakini watu wa kwetu hawajui kuficha ugonjwa, wanajua kuficha neno tu. Onesphory, ambaye tangu aoe alikuwa akionekana nyumbani Krismasi kwa Krismasi, sasa alitoka Mwanza kila baada ya wiki mbili. Alipaka nyumba rangi. Alipanua njia ya kuingilia kibanjani ili magari yapite, na nyuma ya migomba akajenga choo cha matundu manne. Mzee mmoja, mgane, anajengewa choo cha matundu manne! Rutaihwa aliuliza mara moja tu, "Wageni gani hao mnaowatarajia?" Onesphory akajichekesha, akasema ni maendeleo.

Maonyesho yalikuwa katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Bilele. Mwandaaji aliitwa Haidari, fundi simu mwenye mvi kidevuni, ambaye yeye na wenzake sita walikusanya matofali hayo ya watoto na kuyajenga kwa bidii ambayo wake zao, bila shaka, walikuwa wameshachoka kuilalamikia. Walikuwa wamejenga kanisa kuu la mjini, meli yenye magari ndani, na nyumba ya msonge ya kizamani iliyomfika Alistidia kiunoni. Mzee alitembea polepole, mkono ameushikiza kwenye ubavu wa kulia. Alisimama mbele ya msonge.

"Na tetemeko likija?" akauliza.

"Likija, mzee wangu, tunaokota na kujenga upya kesho yake," Haidari akajibu.

Mzee akacheka mpaka akashika meza. Evodia aliona ndiyo nafasi. Alifungua kinywa, akajisikia anamuuliza kama angependa soda. Alijichukia kwa soda ile kuliko kwa miezi yote iliyotangulia.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na meza ndefu yenye ndoo za matofali na karatasi iliyoandikwa JENGA KWENU. Alistidia alijipatia kibao cha kujengea, akaketi, akaanza. Alijenga nyumba ya babu, paa jekundu. Akapanga migomba. Choo cha matundu manne hakukisahau. Kisha akachukua matofali mawili meupe, akayalaza nyuma ya nyumba: kaburi la baba wa mzee Rutaihwa na kaburi la bibi Agnetha, mke wa mzee. Hilo halikumshtua mtu. Sisi wafu wetu tunawazika kibanjani, na watoto hucheza juu ya saruji yao kila siku.

Halafu akalaza la tatu.

"Hilo la nani tena?" mzee akauliza.

"La kwako, Babu. Mama alimwambia mjomba kwenye simu kwamba mahali patafutwe mapema."

Evodia alimgeukia Alistidia. Alitaka kumzaba mtoto kofi, na papo hapo akajua kwamba aliyestahili kofi ni mwingine. Mzee hakumtazama. Alivuta kiti, akaketi taratibu, akalishika lile tofali jeupe kwa vidole viwili.

"Hapa umenikosea, mjukuu wangu," akasema. "Hapa maji ya mvua yanapita. Nisogeze huku kwa bibi yako."

Alistidia akamsogeza. Mzee akaomba matofali membamba ya kijani, na mtoto akamchagulia kwenye ndoo.

"Hii ni milamula," mzee akamwambia. "Unaijua, ile miti ya mpaka. Mtu akiiona haulizi shamba linaishia wapi." Akaipanga mstari mmoja kando ya nyumba. Upande wa pili wa mstari Alistidia akajenga nyumba nyingine, ndogo. Hakuna aliyemwambia. Mtoto alijenga kilichopo, na pale palikuwa na nyumba ya Kahangwa.

Kahangwa alikuwa mdogo wake Rutaihwa, tumbo moja. Miaka kumi na moja hawakusalimiana. Kahangwa alidai mpaka umesogezwa, Rutaihwa akasimama mbele ya kikao cha ukoo akaapa kwamba haujaguswa, na ukoo ukamwamini mkubwa. Mwezi uliopita Kahangwa alianguka ghafla akipalilia mibuni yake, na hakuamka. Siku ya mazishi Rutaihwa alisimama nyuma kabisa, karibu na jiko, kama mtu aliyekuja kuazima sufuria.

Sasa mkono wake ulirudi kwenye mstari wa kijani. Alichomoa tofali moja, akalirudisha nyuma, karibu na nyumba yake mwenyewe. Akachomoa la pili. Hakuruhusu asaidiwe. Alipomaliza, nyumba ndogo ilikuwa imepata uwanja.

"Hapa ndipo ilipokuwa," akasema. "Niliihamisha mimi, mwaka ule Kahangwa alipokwenda Karagwe kuhani msiba."

"Tata," Evodia akamwita baba yake.

"Umeona lakini?"

"Nimeona, Tata."

Evodia alitoa simu apige picha, lakini hakuwahi. Haidari akapita akiwaomba watu, kwa upole, warudishe matofali kwenye ndoo maana zamu ya watoto wengine imefika. Mzee hakubishana. Alibomoa mwenyewe, paa kwanza, kisha kuta, kisha mpaka, akimkabidhi Alistidia tofali mojamoja. Lile jeupe alilitoa la mwisho.

Wakashika njia ya kurudi Muleba. Alistidia alilala kiti cha nyuma kabla ya Kemondo. Walipofika Muhutwe mzee akasema, macho yakiwa barabarani, "Ni nini?"

"Saratani, Tata. Ya ini."

"Daktari alisema muda gani?"

"Miezi mitano."

"Kuanzia lini?"

Evodia alipunguza mwendo, akaegesha pembeni, kwa sababu barabara ilikuwa inaogelea machoni mwake. "Mwezi wa pili. Tulikuonea huruma, Tata. Hatukutaka uishi unahesabu siku."

Mzee akatikisa kichwa kama anayekubali. Hakufoka. Evodia angefurahi kama angefoka.

"Kesho mwite Rwekaza," akasema. Rwekaza alikuwa mtoto wa kwanza wa Kahangwa. "Nikamwonyeshe mpaka kwa mguu wangu."

"Nitamwita."

"Atapokea ardhi na atanishukuru. Ni kijana mwenye adabu." Akapapasa ubavu wake. "Mimi nilijua nitakwenda kwa Kahangwa. Kila siku nilisema, kahawa ikiisha kuvunwa. Masika yakiisha. Nilidhani nina muda, vidonda vya tumbo haviui mtu."

Evodia akalia wazi wazi, mikono kwenye usukani.

"Mwezi wa pili alikuwa hai," mzee akasema. "Wa tatu, wa nne pia, alikuwa hai. Kutoka mlango wangu mpaka mlango wake ni hatua sitini, Evodia. Ningekwenda."