Mguu wa Kushoto wa Brock

Nianze na ubaya wangu, msije mkasema niliuficha. Nimemwonea Dwight Vrana wivu kwa miaka arobaini na moja, na sijapumzika hata Krismasi.

Shuleni, mrushaji nilikuwa mimi. Katika mpira wetu huku Nebraska, ule wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, mrushaji ndiye anayepokea mpira kwanza, halafu ama anaurusha mbali, ama anamkabidhi mwenzake akimbie nao. Mimi nilirusha. Mkono wangu ulifika yadi sitini na wasichana walilijua hilo. Dwight alikaa benchi misimu miwili akinishikia chupa ya maji. Kisha kwenye robo fainali nikarusha mipira mitatu mikononi mwa wapinzani, nikatolewa, akaingizwa yeye. Hakurusha hata mmoja. Alikabidhi, akakabidhi tena, tukashinda, na mji mzima wa Kolin ukamwita shujaa. Shujaa wa kukabidhi.

Sasa ndiye kocha wa shule ile ile, na bado anakabidhi. Mrushaji wake msimu huu ni Brock Sedlacek, kijana mpole na mtiifu, lakini mpira wake ukipita yadi ishirini unashuka umechoka. Kwa hiyo Dwight hamruhusu kurusha zaidi ya mara nne kwa mechi. Walikuwa wamecheza tisa na kushinda zote tisa. Kila ushindi uliniuma.

Jumatatu mchana sisi mashabiki tunakutana ukumbi wa zimamoto. Kinamama wa kanisa wanatuletea mchuzi wa nyama na maharage, wenye pilipili ya kutoa jasho, na mkate mtamu wa mdalasini wa kuchovya. Dwight anaonyesha video ya mechi iliyopita, nasi tunamhoji. Mlango uko wazi kwa yeyote, ila kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Ukimwona mtu wa mji mwingine, unasimama na kusema, "Leo tuna mgeni." Anapigiwa makofi, anapewa mkate wa kwanza, na kuanzia hapo tunazungumzia mvua tu mpaka aondoke.

Jumatatu ninayoisimulia ilitangulia mechi ya mtoano dhidi ya Stovall. Ukifungwa hapo, msimu umekwisha.

"Kocha," nikasema, "mechi nzima mmerusha mara tatu. Hiyo ni timu au msafara wa mazishi?"

Watu wakacheka. Mzee Ervin, postamasta mstaafu na mwenyekiti wetu, hakucheka. "Tumecheza tisa tumeshinda tisa, Leland. Wewe unataka ngapi, kumi na moja?"

"Nataka tucheze mpira, mzee. Stovall wakituziba njia ya kukimbia tutafanyaje? Huyu kijana kurusha hawezi, na kocha anajua hawezi, ndiyo maana anamficha."

"Anaweza kinachotutosha," Dwight akasema polepole, kama kawaida yake. "Brock hapotezi mpira. Mtu asiyepoteza mpira, mimi namchukua."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Ukumbi mzima uliniangalia kwa niaba yake, na masikio yangu yakawaka moto.

Hapo ndipo nilipomwona Merle Tichy ameketi karibu na mlango, bakuli mkononi. Merle anauza mbegu kaunti nzima, anaishi Stovall, na mpwa wake ni kocha msaidizi huko. Wengine walikuwa wamempa mgongo wakitazama video. Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu.

Nikasimama, nikamwomba Dwight rimoti.

"Tazameni mguu wake wa kushoto," nikasema. "Akitaka kukabidhi, miguu yake iko sambamba. Akitaka kurusha, wa kushoto unatangulia nusu hatua, hata mpira haujamfikia. Mechi tisa, hajakosea hata mara moja. Bibi yangu na mawani yake angeliona hilo."

Dwight akachukua rimoti, akarudisha kipande kile mara mbili. "Sikuwahi kuliona," akasema. "Ahsante, Leland. Tutamrekebisha."

Nilitamani kumsikia akikiri mbele za watu kwamba kuna jambo asilolijua, na nilipolipata nikalila taratibu pamoja na mkate wangu. Nilipogeuka, kiti cha Merle kilikuwa kitupu.

Siku tano hazitoshi kumfundisha mtu mguu mpya. Jumamosi mchana Brock alijitahidi nusu ya kwanza, unaona kabisa anaikumbuka miguu yake. Alipochoka, ule wa kushoto ukarudi ulikozoea. Na kila uliposogea, walinzi wa Stovall walipigiana kelele: "Mguu, mguu." Nilikuwa jukwaani, mikono mfukoni, nikisikia.

Dakika mbili za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na hapakuwa na namna ila kurusha. Mguu ukatangulia. Walinzi wawili wakakimbilia pale mpira utakapoangukia, mmoja akaudaka kama amerushiwa yeye. Brock akapiga magoti na hakuinuka.

Niseme ukweli. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa furaha. Haikudumu, lakini ilikuwa furaha, ninaijua. Kisha nikamwona Dwight anavuka uwanja, anapiga magoti kando ya yule kijana, anamshika kichwa.

Jumatatu iliyofuata ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama ukutani. Dwight hakuonyesha video.

"Kosa ni langu," akasema. "Leland amenionya tangu Septemba. Nimembana Brock msimu mzima, halafu dakika ya mwisho nikamdai arushe kitu ambacho sikumzoesha. Msimlaumu mtoto. Leland alikuwa sahihi, mimi nilikuwa mkaidi."

"Lakini ule mguu waliujuaje?" mtu mmoja akauliza.

"Video wanazo kama sisi," Dwight akajibu. "Wana macho kama ya Leland, basi."

Mzee Ervin akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Yalikuwa yangu. Mtu akanipiga begani, akasema, "Laiti tungekusikiliza, bwana." Maneno yale ya Dwight nilikuwa nimeyasubiri tangu ujana wangu, na jibu lake nililifanyia mazoezi ndani ya gari mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Kosa langu, la kumwona Merle na kutomtangaza, lilikuwa bado halijasemwa. Dwight alikuwa amelisema lake, ambalo hata si lake, mbele ya watu mia moja, na sauti haikumtetemeka. Sasa ameketi, anachovya mkate kwenye mchuzi, anakula kama mtu mwenye njaa. Nikamwonea wivu hata kwa hilo.

"Ahsante, kocha," nikasema, nikaketi.