Garde-Malade wa Nani?

Mwezi wangu wa kwanza kazini Kamina nilipata wasindikizaji arobaini na mgonjwa sifuri.

Benchi la mbele ya mlango wangu lilijaa kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Wazee watupu: makoti ya Jumapili, vitambaa vilivyopigwa pasi, meno machache na maneno mengi. Nikiuliza mgonjwa ni nani, kila mmoja alijibu kwamba yeye ni garde-malade. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia na kulala sakafuni kando ya kitanda chake, na huyo ndiye garde-malade. Ni kazi ya heshima. Lakini garde-malade asiye na mgonjwa nilikuwa sijamwona tangu nizaliwe.

Sababu niliijua. Mlangoni pangu paliandikwa kwamba hapa tunatunza akili za wazee, na Kamina nzima ikasoma: wazimu. Nikawapigia methali, mficha maradhi kilio humfichua. Wakaipigia makofi, wakabaki magarde-malade.

Docteur Wenceslas, mkurugenzi wa kituo chetu cha afya, si mtu mbaya, ila hapendi chumba kitupu.

"Séphora," aliniambia, "kama vendredi ya mwisho ya mwezi fiche hata moja ya mugonjwa haiko, nitatia moustiquaires mu kile chumba."

Ijumaa ya mwisho, kisha vyandarua! Nimesoma saikolojia Lubumbashi miaka mitano, nikachambua huzuni za uzee nusura niote mvi, halafu nishindwe na vyandarua. Kwa hasira nikala mihogo yangu yote ya mchana, peke yangu. Siku hizo nilikula peke yangu kila mara. Mama alikuwa amefariki mwezi wa tatu, na nyumbani tulibaki mimi na saa ya ukutani.

Jumanne ya wiki hiyo ya mwisho wakaingia wawili pamoja: Mama Hulda, mwalimu mstaafu wa shule ya Wamethodisti, na jirani yake Tata Kisimba, aliyewahi kuwa mkuu wa stesheni kule Luena.

"Mugonjwa njo nani?" nikauliza, nimeshachoka.

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Njo huyu," alisema Mama Hulda. "Kila asubui anavalaka kepi yake, anaenda ku gare kungojea train. Train yenyewe haiko! Anarudia saa sita, hasemi na muntu."

"Minyi hapana mugonjwa," alinguruma Tata Kisimba. "Mugonjwa iko huyu mama. Bwana yake alikufa miaka mbili sasa, na kila siku anatengeneza sahani mbili pa meza. Mbili! Kiisha anaangalia ile ya pili mpaka bukari inakuwa baridi."

Mama Hulda akashika mkoba wake kwa nguvu, Tata Kisimba akaivua kofia yake ya reli na kuichunguza ndani. Nikaona nisiharibu kwa kuwatolea fiche, ile karatasi ya kumwandikisha mgonjwa. Nikamuuliza kila mmoja habari za mgonjwa wake: analala? anakula? anacheka lini? Walieleza saa nzima, kwa ukweli ambao mtu hawezi kujisemea mwenyewe.

"Basi mufanye kazi ya garde-malade," nikasema mwishowe. "Mama, saa sita muende kumuchukua ku gare. Tata, ile sahani ya pili isikuwe baridi tena."

"Eyo vidye," akajibu Tata Kisimba, kwa ile heshima ya Kiluba tunayowapa wakubwa. Alikuwa anatania, lakini nusu tu.

Mlangoni Mama Hulda akageuka. "Na weye, mutoto yangu? Garde-malade yako iko wapi?"

"Minyi hapana mugonjwa, Mama."

"Ah. Njo vile siye bote tunasemaka." Akaenda zake.

Ijumaa Docteur Wenceslas alikuja na funguo. Benchi lilikuwa limejaa. Mama Hulda na Tata Kisimba walikuwa wanabishana kuhusu chumvi ya sombe, kisamvu cha jana.

"Bagonjwa beko wapi?" aliuliza Docteur.

"Siye tuko bagarde-malade!" wakajibu watu kumi na wanne kwa sauti ya kwaya.

"Ya nani?"

Nikamtazama Tata Kisimba. Akatazama viatu vyake. Nikamtazama Mama Hulda, naye akanikazia macho ya mwalimu anayejua kwamba jibu unalo. Hapo nikaona aibu. Mwezi mzima niliwakasirikia wazee hawa kwa kukataa jambo ambalo mimi mwenyewe nililikataa Jumanne, nikiwa nimesimama mlangoni pangu.

Nikachukua fiche, nikaandika huku nikisoma kwa sauti.

"Séphora Kabange. Miaka makumi tatu na moja. Mama yake alikufa. Halali muzuri. Anakula peke yake."

Docteur akafungua mdomo. Mama Hulda akamwahi. "Garde-malade yake njo minyi. Andika."

Tata Kisimba akasimama, kofia mkononi. "Kama docteur ya kichwa iko mugonjwa na hana haya, minyi nitaogopa nini? Andika Kisimba. Namba mbili."

"Namba mbili njo minyi!" alipinga Mama Hulda.

"Weye uko garde-malade!"

"Niko yote mbili!"

Benchi zima likainuka, wakasukumana kwa viwiko, na kabla ya adhuhuri fiche zilikuwa zimekwisha. Vyandarua viliwekwa ofisini kwa Docteur, na mpaka leo anapita kiubavu kuifikia meza yake.

Fiche namba moja iko kwenye droo yangu. Mahali pa garde-malade Mama Hulda aliandika jina lake kwa mwandiko wa ubaoni. Siku hizi anatengeneza sahani tatu, na nikichelewa, Tata Kisimba anakuja kunichukua, kofia ya reli kichwani.