Mchanga wa Walt

Kipimo cha mionzi kilianza kutatarika kama bisi motoni pale Delphine Archuleta alipokiinamisha karibu na sakafu ya chumba cha nyuma. Nje, miti ya mtoni ilikuwa ikimwaga sufi yake, na bonde zima la Colorado lilielea katika weupe huo kama kitu kilichoanza kusahaulika.

"Ni mchanga wa kiwandani, masalio ya urani," alisema Ione Maddox, mwenye nyumba, akiegemea mlango. "Mume wangu Walt aliuleta mwenyewe, akaushindilia chini ya sakafu hii, kiwanda kilipokuwa kikisaga urani. Walikuwa wanaugawa bure. Laini kama unga."

Kando ya dirisha palikuwa na kitanda kipya cha mtoto. Mjukuu wake, Shelby, angewasili kesho na kichanga chake, waje kukaa.

Delphine alikuwa mkaguzi wa jimbo. Alitoka hadi barazani, akampigia mkuu wake.

"Mchanga wa kiwandani ni wa serikali kuu," mkuu alimjibu. "Pima, nyamaza, ondoka. Ukimwambia ahame, tumeshaubeba mzigo sisi."

"Serikali kuu wamemwambia ni wetu."

"Basi wataandikiana wakubwa. Wewe umo?"

Miaka yote Delphine aliupenda mpaka huo kati ya kazi ya jimbo na ya serikali kuu. Ulimlinda, upande huu kazi yake, upande ule usingizi wake. Lakini sasa, akiitazama sufi ikivuka uzio bila kumwuliza mtu, alihisi mpaka ule ukilegea ndani yake, taratibu, kama fundo ndani ya maji.

Alirudi chumbani.

"Haya, niambie," Ione alisema. "Wale wananirusha kwenu, nyie mnanirusha kwao. Mimi mpira?"

"Bibi, mtoto asilale humu."

"Hilo ni neno la jimbo?"

"Ni langu. Huenda likanifukuzisha kazi, lakini ni langu."

Ione alimkazia macho. Kisha akashika upande mmoja wa kitanda. "Basi usisimame hapo kama mshumaa. Nyanyua!"

Walikitoa hadi barazani, wakigonga miimo ya milango, Ione akifoka na kucheka kwa pamoja. Walipokitua, kicheko kilimkauka.

"Na mimi je? Nimelala humo tangu nikiwa bibi harusi."

Delphine alitamani sana kuwa na jibu la ofisi yoyote. "Na wewe pia, bibi. Kuanzia leo."

 Ione aliingia kuchukua mto wake, akakawia. Kupitia dirishani sauti yake ilisikika, ya chini, isiyo na hasira, ikizungumza na mtu aliyekwisha kufa: "Hukujua, mpenzi. Ulitaka tu miguu yangu isipate baridi."

 Delphine aliketi kwenye ngazi za baraza, akampa muda wote aliouhitaji.