Paa Linalotaka Kukanyagwa

1.

Yaliyosikika bombani, asubuhi, wanawake wakisubiri ndoo zijae:

— Ile nyumba ya wajawazito wameshaimaliza?

— Wamemaliza. Paa la udongo.

— La nini?

— La udongo, nakwambia. Tembe.

— Basi serikali imefilisika.

2.

TANGAZO

Nyumba ya kusubiria uzazi katika Zahanati ya Chigunga imefunguliwa. Wajawazito wanaoishi mbali wafike na kukaa humo hadi uchungu utakapoanza, ndipo wahamishiwe chumba cha kujifungulia. Hairuhusiwi kupika ndani. Ni marufuku kwa mtu yeyote kupanda juu ya paa.

Kwa amri,
Halmashauri.

3.

Niliyeichora ni mimi. Naitwa Sechelela, msanifu majengo, na wewe unayesoma usinihukumu kabla hujaingia ndani.

Ingia.

Hujainama, umeona? Mlango wa tembe la babu ulimfanya kila mtu aingie kama anayeomba radhi, huu nimeuinua. Madirisha yanatazamana ili upepo upite. Kuta ni za matofali ya udongo wa hapahapa, yaliyoshindiliwa kwa mashine na kutiwa saruji kidogo. Juu kuna magogo, fito, majani, kisha udongo wa kichuguu, mnene kama godoro.

Sasa toka. Nenda wodi ya zamani, ile ya bati. Ni saa saba mchana, Dodoma hii ya kiangazi. Weka mkono ukutani.



Umeutoa haraka.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Mengine ni michoro.

4.

Shangazi Merina, dada yake baba, mbele ya watu siku ya ufunguzi:

"Mume wangu alipoleta bati, tembe nililibomoa kwa mikono yangu mwenyewe. Nilicheza. We Seche hukulala mle. Hukumwagikiwa vumbi machoni, hukuamka ukakuta nyoka amekutangulia jikoni. Ulikuja likizo, ukala karanga, ukarudi mjini kwenu. Leo unaniletea umaskini wangu umeupaka rangi, unasema ni utaalamu. Na atakayelala humo ni mkwe wangu."

Mkwe wake ni Debora, mimba ya kwanza. Alikuwa amekaa kitandani akijipepea kwa mazoea, kisha akaona hana haja, akauweka upepeo chini. Shangazi aliona. Akajifanya hakuona.

5.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, ikakatika.

tone

          tone

tone

juu ya kitanda cha Debora.

6.

Udongo hupasuka kwa jua. Hilo si siri, wala dawa yake si siri. Mvua ya kwanza ikikatika, udongo ungali laini, watu hupanda wakalikanyaga paa mpaka nyufa zifumbe. Mtoto yeyote wa Chigunga anajua. Mimi pia nilijua, ndiyo maana mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na ngazi nyuma ya nyumba.

Injinia Ngalya wa Halmashauri aliikata kwa kalamu nyekundu. Jengo la umma, akasema, watoto watapanda, na mtu akivunjika mguu nani atajibu? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilishindwa.

Kwa hiyo baada ya tone lile nikaazima ngazi ya kanisani, nikaomba watu waje kukanyaga.

Wanaume wakatazama viatu vyao.

Wanawake wakakumbuka kuni.

7.

Aliyenieleza ni Debora, akicheka kwa adabu, mkono mdomoni.

"Dada, huku paa la mtu halikanyagwi na mgeni. Ni kumtakia aliye chini afukiwe. Na chini humu tumo wenye mimba, nani athubutu? Anaanza mwenye nyumba. Akishakanyaga yeye, au aliyetumwa naye, ndipo wengine wapande."

Nikamuuliza mwenye nyumba anajulikanaje.

"Ni mwanamke aliyezalia humo."

Rudi kwenye tangazo, msomaji. Sehemu ya pili. Uchungu ukianza, wanahamishwa. Katika nyumba ya wazazi, kwa amri, hakuna atakayezaa.

Nilipima upepo, kivuli, uzito wa udongo uliolowa. Nikachora nyumba isiyo na mwenyewe.

8.

ILANI

Kufuatia ukaguzi, paa la nyumba tajwa limebainika kuvuja. Litaezuliwa siku ya Ijumaa na kuezekwa bati. Wajawazito waliomo watahamishiwa wodi ya zamani. Msanifu anajulishwa kwamba michoro ya aina hiyo haitapokelewa tena kwa majengo ya zahanati nyingine.

9.

Zahanati nyingine zilikuwa tayari mezani kwangu, zimechorwa, zinasubiri sahihi. Nililia. Sioni haya kusema.

Nikampigia simu Injinia Ngalya. Nilitaka awe mtu mbaya, ingenisaidia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Dada Sechelela, mimi nimezaliwa kwenye tembe. Silichukii. Lakini likimwangukia mama mjamzito, nitasimama mbele ya mumewe niseme nini? Kwamba ni utamaduni?"

 

10.

Alhamisi.

Mawingu yalianza mchana. Debora alisema ni mgongo tu. Shangazi Merina, aliyekuja kumchukulia vyombo kwa ajili ya kuhama kesho, akamtazama anavyotembea na akatuma mtu kwa nesi.

Mvua ikashuka.

Chumba cha kujifungulia kiko ng'ambo ya ua, hatua chache. Uchungu haukusoma tangazo. Nesi aliingia ameloa, akainua kanga, akasema, "Usiinuke. Kichwa hiki hapa."

Paa likaanza kuvuja upande wa dirisha. Shangazi alishika beseni chini ya tone kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alishikwa na Debora mpaka vidole vikafa ganzi. Haya alinisimulia mwenyewe, bila kuulizwa, na aliporudia habari ya beseni sauti yake ilibadilika.

Mtoto.

Wa kike.

11.

Ijumaa, asubuhi. Mvua imekatika.

Debora: "Mama, nakutuma."

Shangazi alijua. Akauliza hata hivyo anatumwa wapi.

"Juu."

Shangazi akakunja nguo ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Akasema miguu yake iliapa kutokanyaga tena paa la udongo, na kwamba lori la bati liko njiani, litamaliza mambo yote bila mtu kuchafuka.

Debora akamhamishia mtoto titi la pili.

"Nyumba yangu inavuja, mama."

12.

Wametoka wote, hakuna aliyebaki chini ya paa. Wajawazito wamekaa uani kwenye viti vya wodi. Debora ametolewa na godoro lake, mtoto kifuani.

Shangazi anafunga kanga kiunoni. Anavua ndala, anazipanga pamoja chini ya ngazi ya kanisa. Anapanda polepole, ananung'unika jina langu na la babu yangu.

Anasimama ukingoni.

Anakanyaga.

Kisigino, vidole.

          Kisigino, vidole.

Hachezi. Uso wake ni wa mtu anayekutana na ndugu aliyekosana naye kwa miaka. Halafu wanawake wa bombani, walewale, wanaweka ndoo chini, mmoja baada ya mwingine, nao wanavua ndala. Mimi nimesimama kwenye ngazi, kichwa changu kiko sawa na miguu yao. Udongo unapanda katikati ya vidole vyao. Ule ufa wa juu ya kitanda cha Debora naujua, niliupima kwa rula. Unafumba. Nauona ukifumba.

13.

Lori langoni. Mabati yanalia kila gurudumu likiingia shimoni.

Injinia Ngalya anashuka na karatasi yake. "Mbukwenyi," anaamkia. Wanamwitikia kutoka juu, bila kusimama.

"Mama, naomba mshuke. Kuna ilani."

"Muulize mwenye nyumba," anasema Shangazi Merina. "Yuko pale, ananyonyesha."

Injinia anageuka. Anamtazama Debora, anamtazama mtoto, anatazama karatasi kama vile jibu lilipaswa kuwa limeandikwa humo. Anauliza taratibu, mtoto amezaliwa wapi. Debora anaelekeza kwa kidevu.

Upande wa vilima kuna wingu jingine. Jeusi. Likifika litatuambia sote nani alikuwa sahihi, na sijui, ninakwambia ukweli, sijui.

"Si ulizaliwa kwenye tembe?" Shangazi anamuuliza Injinia. "Basi panda kwanza uone unachotaka kuezua. Lakini huku hatupandi na viatu."

Viatu vyake ni vya kamba.

Karatasi anampa dereva.

Anainama.

Kamba ya kwanza inafunguka.