Mabati ya Mzee Gawio

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Asifiwe alimsomea baba yake bei. Mzee Jonas Tusajigwe alikuwa ameshakaa barazani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, miwani imeshuka puani, na swali lake lilikuwa lilelile: "Haya, zikoje leo?" Naye Asifiwe, amesimama na mkoba begani, alifungua simu na kumsomea bei ambayo hisa za benki zilifungia jana yake. Zikipanda, mzee alisema "Aa!" kama mtu aliyekunwa mgongo pale panapomuwasha. Zikishuka, alisema waoga wanauza. Kisha chai ikaendelea.

Alhamisi ile hakuuliza. Asifiwe alingoja kidogo, akaamua kuanza mwenyewe.

"Jana zimefunga..."

"Leo acha," mzee alisema.

"Hujisikii vizuri?"

"Mzima kabisa. Acha tu."

Hakumtazama. Alikuwa anaangalia ndani ya kikombe, na miwani hakuivaa. Asifiwe alitaka kumgusa paji la uso aone kama ana homa, lakini geti lilisukumwa bila hodi, akaingia Mzee Godlisten, katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa, na sauti yake iliyotangulia mwili.

"Mzee Gawio! Nasikia umeshafika mjini?"

"Shikamoo, mzee," Asifiwe alisema.

"Marahaba, binti. Jumapili ulitukosa wewe! Ulikuwa wapi?"

"Kazini. Tulikuwa tunahesabu mali ya duka."

"Basi umekosa makubwa. Sie wengine tupo pale, huyu bati moja, yule bati mbili, mwingine anatoa nusu bati na kikohozi juu yake. Nikamchokoza baba yako. Nikasema, Mzee Gawio, wewe mwenye hisa zako mjini, tukuandike ngapi? Akasimama. Akafunga na koti! Akasema, niandikeni upande wote wa madhabahu. Upande wote, binti! Akina mama walipiga vigelegele mpaka mtoto mchanga akaamka." Akamgeukia mzee. "Sasa, wameziuza?"

"Wameuza," Mzee Jonas alisema taratibu. "Pesa itakuwa benki kabla ya Jumapili."

"Zote?"

"Zote."

Kioo cha simu kilizima chenyewe mkononi mwa Asifiwe. Mzee Godlisten alikuwa anamtazama, amechangamka, anangoja aone binti mwenye fahari.

"Hongera, baba," Asifiwe alisema. Akatoka kwenda kazini.

Hisa zile zilikuwa za Asifiwe. Alizinunua mwenyewe kwa miaka sita, kidogo kidogo, kwa mshahara wa karani wa hesabu katika duka la Keko. Cha baba kilikuwa jina tu.

Ilianza mwaka ule mama yake alipofariki. Mzee alikuwa amestaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeishia hospitalini na kwenye kuku waliokufa banda zima kwa wiki moja. Kanisani alikuwa anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ukianza anakuwa ameshafika barabarani. Asifiwe alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo na kupata kazi. Alitaka kufungua akaunti ya hisa, na kwa kuwa aliona haya kuingia peke yake katika ofisi ya dalali yenye viyoyozi na watu wa tai, akamwomba baba amsindikize.

Kijana wa mezani alimruka Asifiwe kwa macho, akatua kwa mzee mwenye mvi.

"Karibu sana, mzee wangu. Umekuja kuwekeza? Hongera. Wazee wachache wanaofikiria hivi."

Asifiwe akaona mgongo wa baba yake ukinyooka. Tangu msiba alikuwa hajauona mgongo ule ukiwa wima. Kijana akavuta fomu, akauliza jina la mwekezaji. Mzee akamtazama binti yake, na binti akatabasamu, akasema, "Andika Jonas Tusajigwe." Pesa ilitoka kwenye simu yake. Alipanga amweleze baba wakiwa njiani kurudi Mbagala. Lakini njia nzima mzee aliongea, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi, na Asifiwe hakuwa na moyo wa kumkatiza.

Mwaka uliofuata ikaja barua: Ndugu Mwanahisa, unaalikwa kwenye mkutano mkuu. Mzee alivaa suti yake ya kijivu, akaenda, akanyoosha mkono akauliza swali, akarudi na kofia, mfuko wa kitambaa na kitabu cha taarifa ya mwaka chenye picha za wakurugenzi. Alikaa nacho kwa kinyozi siku nzima akiwafundisha watu. "Gawio ni ile faida benki inayowagawia wenye hisa. Unakaa, inakuja. Hulimi, hupalilii." Ndipo wakamwita Mzee Gawio. Akahamia benchi la mbele kanisani.

Gawio lilipoingia katika akaunti yake alilituma lote kwenye simu ya Asifiwe, hata senti hakubakiza, na kila mwaka alisema neno moja: "Tuongeze." Asifiwe akaongeza. Yeye gawio alilipima kwa kodi ya chumba. La mwaka wa kwanza lisingelipa hata wiki moja. La mwaka jana lingelipa miezi saba. Likifika miezi kumi na miwili, alikuwa amejiambia, atatafuta chumba Temeke chenye dirisha linalofungukia upande wa upepo, atafunga mlango kwa ndani, na hakuna mtu atakayekuwa na cha kumtuma. Hilo hakumwambia mtu.

Wazo lenyewe alilipata kwa Maliha. Maliha alikuwa dada wa bosi wake, Abdulrasul, mwenye duka la vifaa vya useremala: bawaba, komeo, vanishi, sponji za makochi. Alikuja dukani siku anazotaka. Kwa miaka mingi alikuwa ananunua hisa kimyakimya, na gawio ndilo lililomlisha. Siku moja kaka yake alimfokea mbele ya mafundi. Maliha alichukua mkoba wake juu ya kaunta, akafunga zipu, akaenda kwake Upanga, na Abdulrasul alimbembeleza kwa simu mpaka wiki ikaisha. Asifiwe hakuusahau mkoba ule. Yeye alifokewa karibu kila siku, na mkoba wake ukabaki chini ya meza.

"Umechelewa," Abdulrasul alisema asubuhi hiyo bila kuinua kichwa. "Fundi anasubiri bawaba, wewe unalala."

"Samahani, bosi."

Maliha alimtazama usoni, akamvuta nyuma ya marobota ya sponji.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi mbona umevaa uso wa matanga?"

Asifiwe akamweleza. Maliha alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Jina la nani?"

"La baba."

"Peke yake? Lako halipo hata pembeni?"

"Halipo."

Maliha akakaa juu ya robota. "Mie nimekaa nakufundisha miaka yote hii, kumbe nafundisha ukuta. Wewe hukununua hisa, Asifiwe. Ulimnunulia baba yako heshima. Na leo kaenda kuitumia."

"Pesa hajaitoa bado. Anatoa Jumapili."

"Sasa si una mdomo? Mwambie leo."

"Ameshaahidi mbele ya watu."

"Na wewe umeahidiwa nini?"

Asifiwe alichuna kipande cha sponji kilichochomoza, akakifinya. Hakuna aliyemwahidi kitu, kwa kuwa hakuwahi kuomba.

"Wallahi ungekuwa mdogo wangu ningekuchapa," Maliha alisema, akampa kitambaa afute uso kabla ya kurudi mbele.

Jumamosi jioni mzee aliitoa suti ya kijivu kabatini, akatandika shuka mezani, akaanza kuipiga pasi mwenyewe. Alikuwa anaiunguza. Asifiwe alimtazama kidogo, kisha akamnyang'anya pasi.

"Ndaga, asante, mwanangu," mzee alisema, akakaa pembeni kumwangalia.

Asifiwe alinyoosha mkono mmoja wa koti, akanyoosha wa pili. Chumba kilinuka sufu yenye moto.

"Baba."

"Naam."

"Yale mabati..."

"Eh?"

Uso wa mzee ulikuwa umeinuka kumwelekea, umeoshwa, umenyolewa, una furaha kama wa mtoto anayesubiri sikukuu. Asifiwe akarudisha macho kwenye kola.

"Nilikuwa nauliza tu. Ni ya msauzi, au ya kawaida?"

"Msauzi!" Mzee akacheka. "Mie nitoe bati la kawaida juu ya madhabahu? Geji ishirini na nane, mama. Nikifa leo, mvua ya miaka hamsini hailigusi."

Asifiwe akanyunyiza maji kwenye suruali, akaikunja mstari mmoja ulionyooka kabisa.

Jumapili, upande mmoja wa kanisa ulikuwa na paa na upande wa madhabahu ulikuwa na turubai la bluu lililojaa upepo na kupumua. Mzee Jonas alitembea na bahasha yake kutoka benchi la mbele, safari ya hatua chache aliyoifanya kuwa ndefu. Kwaya iliimba. Mzee Godlisten akaipokea bahasha, akaiinua juu, kanisa likashangilia, halafu, kama mtu aliyekumbuka adabu, akasema kwenye kipaza sauti, "Na familia je? Binti yake yupo. Asifiwe, mama, njoo utusalimie."

Alisukumwa na mikono ya akina mama mpaka mbele. Kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa Mzee Godlisten. Bahasha ilikuwa bado mezani, mbele ya msalaba, karibu kiasi kwamba angeweza kuichukua.

"Nilitaka kusema," alianza.

Baba yake alikuwa anamtazama. Alikuwa anatabasamu, lakini kidole chake kilikuwa kinazungusha kifungo cha koti, kinazungusha, kinazungusha.

"Nilitaka kusema asanteni kwa kumheshimu baba yangu."

Vigelegele vikapigwa, na turubai likapumua juu yao.

Jumatatu Asifiwe alichemsha chai, akamwekea baba barazani, akachukua mkoba wake. Mzee alikuwa amevaa miwani.

"Haya, zikoje leo?"

Swali lilimtoka kabla hajajishika. "Mazoea," alisema.

Asifiwe akafungua simu. "Zimepanda."

"Aa," mzee alisema, kwa sauti ndogo.

"Na gawio wametangaza. Kubwa kuliko la mwaka jana."

"Mungu ni mwema. Wengine watapata."

"Baba, zile zilikuwa zangu."

Muuza mihogo alipita nje ya geti, akaita mara mbili, akaenda zake. Mzee aliweka kikombe chini.

"Najua," alisema.

Asifiwe alidhani hakusikia vizuri.

"Mie si mtoto," mzee aliendelea. "Pesa ilitoka kwenye simu yako mie naangalia. Nikasema, atasema njiani. Hukusema. Nilipoenda ule mkutano wa kwanza nikasema, nikirudi ataniambia. Ukanivua kofia ukaivaa wewe, ukacheka. Mwaka wa tatu nikasema, basi, huyu mtoto kanipa."

"Sikukupa."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa wima."

Mzee alizungusha kikombe kwenye sosa. "Na jana je? Ulishika kipaza sauti. Nilikuwa nakuangalia, Asifiwe. Nilijua unataka kusema nini. Neno moja tu, ningerudisha bahasha mfukoni."

"Ungerudisha?"

Mzee akafikiri. Katika maisha yake hakuwa mwongo, na uongo wa kuanza nao uzeeni ulimshinda.

"Hapana," alisema.

Asifiwe akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshachelewa. Abdulrasul atafoka, naye atasema samahani, bosi, na mkoba utaingia chini ya meza.

"Lakini tumo nyumba moja," mzee alisema, na sasa sauti yake ilikuwa inaomba. "Chako changu, changu chako. Nilijua zako, nikasema ni za nyumba. Wewe hapa unakula, unalala, hulipi kodi. Ulikuwa unazitafutia nini ambacho hapa hukipati?"

Angeweza kusema harusi. Angeweza kusema masomo, au kiwanja, na mzee angeomba radhi, wakalia kidogo, yakaisha. Asifiwe aliuteremsha mkoba begani, akauweka kwenye baraza kati yao.

"Nilikuwa nazinunua ili nikuache, baba," alisema. "Nihame hapa, nikuache."